Unadishi Hadi Tumbo Linauma na Huwezi Kuacha? Soma Hii Kama Uko Ukunda, Diani au Msambweni

Saa sita kasorobo usiku. Basi la wafanyakazi limekushusha Ukunda, miguu inawaka moto, na tangu asubuhi tumboni mna chai ya rangi tu. Masaa manane umesimama kwenye bufe ukiwapangia wageni kamba, keki na maembe, na wewe hata kipande cha ndizi hujagusa kwa sababu supavaiza ana macho manne. Unapita kwa mama wa viazi karai, unachukua vya mia. Hatua kumi mbele, chipo mwitu. Mayai pasua mawili. Dukani unabeba mkate mzima, siagi na soda ya lita mbili. Ukifika keja, ushafuliza.

Unafunga mlango kwa ndani. Nusu saa baadaye mkate umeisha, chipo zimeisha, chupa ya soda imebaki povu. Ladha uliacha kuisikia kitambo, mkono tu ndio ulikuwa unaenda. Tumbo limekaza kama ngoma. Unataka kulia. Makaratasi unayasukuma chini ya kitanda ili mwenye mnashea chumba asiyaone, halafu unaapa: kesho sili kitu. Na kweli kesho huli kitu. Mpaka usiku.

Kama hiyo stori inakufanana hata nusu, kaa hapa tubonge. Hiyo kitu ina jina, ina chanzo na ina tiba. Na kile kiapo cha "kesho sili kitu" ndicho kinachokumaliza, ingawa kila mtu mtaani atakwambia ndiyo dawa.

Ulafi ni kando, hii ni kando

Tuelewane kwanza. Kila mtu hula kupita kiasi siku moja moja. Ukienda harusi Kinondo, sinia la pilau likaja, ukala mpaka ukafungua kifungo cha suruali, huo si ugonjwa. Hiyo ni harusi. Siku ya Idi ukizunguka nyumba tatu na kila nyumba ukala, wewe una ndugu wengi tu.

Kula kwa fujo ni kitu tofauti. Ni pale ambapo kwa muda mfupi, tuseme ndani ya masaa mawili, unakula chakula kingi sana kuliko vile mtu mwingine angekula kwa hali hiyo hiyo, na unahisi usukani umekutoka mkononi. Unataka kusimama na husimami. Wataalamu wanaangalia pia dalili kama hizi: unakula kwa kasi kuliko kawaida yako, unakula hadi mwili unauma, unakula na njaa yenyewe huna, unajificha ukila kwa sababu ya aibu, na ukimaliza unajichukia. Ikiwa angalau tatu kati ya hizo unazo, inatokea angalau mara moja kwa wiki, na hali imeendelea kwa miezi mitatu, basi si tabia mbaya tena. Ni ugonjwa unaotambuliwa.

Umetambuliwa lini? Daktari wa Marekani, Albert Stunkard, aliandika kuhusu watu wa namna hii mwaka wa 1959, lakini ilibidi ungoje hadi 2013 ndipo madaktari wa akili wa Marekani waupe nafasi yake wenyewe kwenye kitabu chao cha magonjwa. Orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo inao. Kwa hivyo ukienda hospitali na daktari akuangalie kama unamletea mchezo, jua wewe ndiye uko na karatasi. Mtajie "binge eating", ataelewa unaongelea nini.

Usichanganye na bulimia. Mwenye bulimia anakula kwa fujo halafu anajaribu kufuta: anajitapisha, anameza dawa za kuharisha, au anajiua na mazoezi. Binti Mfalme Diana wa Uingereza aliisema yake mbele ya dunia nzima kwenye mahojiano ya televisheni mwaka wa 1995. Na msiseme hayo ni mambo ya madem. John Prescott, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Uingereza, mwanasiasa jitu la miraba minne, alikubali mwaka wa 2008 kwamba aliugua bulimia miaka mingi kwa siri. Kula kwa fujo bila kutapika kunashika wanaume wengi pia, ila mwanaume akimaliza chapati kumi watu wanapiga makofi. Ni rahisi kujificha mahali unaposhangiliwa.

Kuna pia ile njaa ya kuletewa. Ukitafuna muguka mchana kutwa husikii njaa, ikiisha nguvu usiku mwili unadai deni lote kwa mpigo. Bangi nayo inafungua tumbo. Ukiona fujo inakuja siku za mastarehe pekee, anza kuuliza maswali huko kwanza.

Njaa ndiyo mama yake

Hapa ndipo watu hawaamini. Tunadhani mtu anakula kwa fujo kwa sababu hana nidhamu, kwa hivyo dawa ni nidhamu: ruka chakula, funga, kunywa maji ya ndimu. Lakini ukimwangalia vizuri mtu mwenye tatizo hili, mara nyingi utakuta mchana hajala. Njaa inatangulia, fujo inafuata.

Mwaka wa 1944, vita vya pili vya dunia bado vikiendelea, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea. Walikuwa wazima, akili timamu, hakuna aliyekuwa na shida yoyote na chakula. Akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wale vijana walibadilika. Wakawa wanaota chakula usiku, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi ambavyo hawakuwahi kuvijali. Cha ajabu kilikuja baada ya kurudishiwa chakula: kuna waliokula mpaka wakaugua, na bado wakasema wana njaa. Hao walikuwa watu wa kawaida kabisa. Mwili ulikuwa umenyimwa, na mwili haukusahau.

Sasa lete hiyo stori Kwale. Hii ni kaunti ambayo upande wa bahari wageni wanamwaga chakula, na ukipanda juu kuelekea Kinango na sehemu za Lunga Lunga, mvua ikikosa, watu wanalala na uji. Vijana wengi wanaofanya kazi Diani wametoka kwenye nyumba ambazo sufuria ilikuwa inahesabiwa. Ukikua hivyo unajifunza jambo moja: chakula kikiwepo, kula haraka, kula chote, maana kesho haijulikani. Huo ni ujanja uliokuokoa ukiwa mtoto. Tatizo ni kwamba ujanja haujui kuwa sasa una mshahara.

Watu husema huu ni ugonjwa wa wazungu na wa watu wa pesa. Zii. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, watafiti walienda San Antonio, Texas, kwa watu wanaopokea chakula cha msaada, wakawauliza kuhusu kula kwao. Wale waliokuwa na upungufu mkubwa zaidi wa chakula nyumbani ndio waliokuwa na kula kwa fujo zaidi. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa maskini, awe na njaa wiki nzima, halafu siku ya mshahara apotee kwenye mkate na soda. Hakuna kinachopingana hapo.

Na kazi ya hoteli imeumbwa kama mtego. Msimu wa wageni, Desemba au Agosti, unakimbia, mlo unaruka, tipu ipo. Ikifika Aprili mvua zinashuka, hoteli zinapunguza watu, unaambiwa uende nyumbani upigiwe simu. Pesa imekata, mawazo yamejaa, siku ndefu, na kitu cha bei rahisi cha kutuliza kichwa ni mahamri. Kukinaisha moyo na chakula si dhambi, sote tunafanya. Inakuwa shida ikiwa ndiyo njia pekee uliyonayo.

"Mbona umenawiri hivi!"

Pwani tuna mambo yetu. Huku mwanamke mwenye mwili amesifiwa tangu enzi, na ukirudi nyumbani baada ya miezi miwili shangazi atakushika mkono aseme umekonda, hao wazungu hawakulishi? Anakupakulia wali wa nazi mpaka sahani inatoa jasho. Lakini dakika hiyo hiyo simu yako inakuonyesha tumbo bapa, kiuno cha nyigu, na komenti za watu wasio na kazi wakihesabu mafuta ya wenzao. Unakaa katikati: ukila unamfurahisha shangazi, usipokula unamfurahisha TikTok.

Kuna kisiwa kiliwahi kupitia haya kabla yetu. Fiji, sehemu inaitwa Nadroga, watu walipenda mwili wenye afya na kulisha mgeni ilikuwa heshima, kama huku tu. Televisheni iliingia mwaka wa 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Akarudi 1998: asilimia 11.3 walikuwa wanafanya hivyo, na wasichana wenyewe walisema wanataka kufanana na wale wa kwenye skrini. Miaka mitatu, na hiyo ni televisheni tu. Wewe skrini unalala nayo.

Unga na unga

Ukisema Ukunda kwamba "unga umeniteka", hakuna atakayefikiria chapati. Kusini mwa Pwani tumezika vijana wengi kwa sababu ya heroini, na polepole jamii imejifunza kwamba mraibu ni mgonjwa. Leo kuna kliniki ya methadoni pale Kombani na watu wanapanda matatu kila siku kwenda kuchukua dozi, na mama mtu anaweza kusema "mwanangu yuko kwenye matibabu" bila kuangalia chini.

Chakula hakijafika hapo. Mtu anayekula kwa fujo anaambiwa mroho, anaambiwa ana pepo, au anaambiwa ana minyoo. (Ya minyoo tusicheke sana. Kwale ni kaunti ambayo mradi wa TUMIKIA uligawa dawa za minyoo vijijini kati ya 2015 na 2017, na haukuja huku kutalii. Lakini minyoo haikufanyi ufunge mlango na ufiche makaratasi.)

Tofauti kubwa ya unga huo na unga huu ni kwamba heroini unaweza kuiacha kabisa. Chakula huwezi. Kitu kinachokutesa lazima ukutane nacho asubuhi, mchana na jioni, na kwa watu wengi wa Diani, ukitumikie mezani kwa tabasamu. Ndiyo sababu "acha tu" haifanyi kazi. Lazima ujifunze kula upya.

Anza na saa, usianze na sahani

Tiba iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi kwa shida hii ni ya mazungumzo, inaitwa CBT. Msingi wake unaweza kuuanza mwenyewe nyumbani. Profesa Christopher Fairburn wa Oxford aliandika kitabu kizima cha kujisaidia mwaka wa 1995, na hatua ya mwanzo inashangaza watu: kula zaidi mchana.

Yaani milo mitatu, na vitafunio viwili au vitatu katikati, bila kukaa zaidi ya masaa manne hivi bila kitu tumboni. Hata kama jana usiku ulikula dunia nzima. Hata kama husikii njaa. Mwanzoni huna haja ya kubadilisha unakula nini, badilisha unakula lini. Asubuhi mahamri mawili na mbaazi. Saa nne ndizi au njugu. Mchana ugali na sukuma, maharagwe, samaki kama mkono unafika. Saa kumi muhogo wa kuchemsha au uji. Usiku chakula cha kweli, kwenye sahani, umekaa.

Wa shifti ndio wanaumia hapa, kwa hivyo pangeni kwa shifti wala si kwa jua. Ukiingia saa nane mchana ukatoka saa tano usiku, mlo wako mkubwa uwe kabla ya kuingia, ule wa kantini usiuruke eti kwa sababu mboga ni kabichi tena, na mfukoni uwe na njugu za kutafuna kabla ya kupanda basi. Anayeshuka Ukunda na njugu tumboni na anayeshuka na chai kavu hawapiti mbele ya viazi karai wakiwa watu sawa. Kama una kisukari na unatumia dawa, hii ratiba ipange na daktari wako kwanza.

La pili, andika. Kwenye simu, sehemu ya kuandika madokezo, weka saa, mahali, ulichokula, na ulikuwa unahisi nini. Usiandike uzito, usihesabu kalori. Wiki mbili zikipita utaona mchoro. Labda fujo inakuja kila siku unayoruka mlo wa mchana. Labda inakuja ukitoka kuongea na baba yako kwa simu. Labda ni Jumapili, siku ya ofu, keja imenyamaza. Huwezi kupigana na kitu ambacho hujui kinaingilia mlango gani.

La tatu ni lile wimbi lenyewe. Hamu ya kula kwa fujo inapanda, inafika kileleni, halafu inashuka, hata usipoilisha. Mwanasaikolojia Alan Marlatt aliwafundisha walevi waitazame kama wimbi la baharini, wakae juu yake badala ya kupigana nalo. Mtu wa Diani hahitaji kuelezwa zaidi. Weka saa ya simu dakika kumi na tano. Toka nje ya chumba, piga simu, oga, kaa kibarazani na wazee wanaocheza bao. Dakika zikiisha na bado unataka, una ruhusa ya kula. Siku nyingine utakula. Siku nyingine utashangaa imepita.

Na ukianguka, maana utaanguka, kazi yako ni moja tu: mlo unaofuata usiuruke. Hapo ndipo duara linakatika.

Sanamaki, chai za tumbo na kidole kooni

Nitasema hii kwa ukali kidogo. Zile chai za "tumbo bapa kwa siku saba" zinazouzwa mtandaoni, nyingi ndani yake ni sanamaki, ile ile bibi yako aliyoijua, kwenye pakiti ya kupendeza na bei ya kukutoa machozi. Sanamaki inaharisha. Chakula kikifika pale inapofanyia kazi, mwili ushachukua karibu kila ilichotaka. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, na kesho kutwa uzito umerudi. Ukiitumia kila wakati, utumbo unaweza kuzoea ukawa hauendi bila hiyo.

Kujitapisha ni hatari zaidi. Asidi inakula meno. Potasiamu ikishuka sana mwilini moyo unaweza kupiga vibaya, hata kusimama, na kwa nje mtu anaonekana mzima. Ukitapika mara kwa mara na unasikia kizunguzungu, moyo kurukaruka, au unaona damu, hiyo si ya kusoma makala. Nenda hospitali leo.

Pa kwenda, na useme nini

Usiingoje siku utakayokuwa tayari. Kituo cha karibu kinatosha kuanzia: Diani kuna kituo cha afya pale Ukunda, Kwale mjini kuna hospitali, na Msambweni ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti. Kama bado hujajisajili na SHA, piga *147# ufanye hivyo, maana kwa aliyesajiliwa huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya zinalipwa na serikali. Mhudumu wa afya wa mtaa, yule anayepita nyumba kwa nyumba na begi, pia ni mlango. Anaweza kukuelekeza.

Ukifika, mtu wa kwanza atakuuliza "shida?" na nyuma yako kuna foleni ya watu kumi. Hapo wengi husema "kichwa kinauma" na kuondoka na Panadol. Andaa sentensi kabla ya kutoka nyumbani, hata uiandike: "Daktari, nakula chakula kingi kwa wakati mmoja na siwezi kujizuia. Inatokea mara tatu kwa wiki, ni miezi mitano sasa, na nikimaliza najisikia vibaya sana." Ikikushinda kusema, mpe simu asome.

Tarajia vipimo kwanza, na visikukasirishe. Njaa isiyoisha inaweza kuwa kisukari, hasa ikija na kiu, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito. Inaweza kuwa tezi ya shingo, inaweza kuwa mimba, inaweza kuwa dawa nyingine unayotumia. Hivyo vikiondolewa, omba kuonana na mtu wa afya ya akili. Neno hilo lisikutishe. Hakuna anayekufunga kamba. Kwa visa vinavyohitaji zaidi, rufaa za huku huelekea Mombasa: Coast General, au Port Reitz ambako kuna huduma za magonjwa ya akili za siku nyingi.

Nikwambie ukweli, wataalamu waliosomea magonjwa ya kula ni wachache Kenya nzima. Unaweza kukutana na muuguzi mzuri wa afya ya akili ambaye kazi yake kubwa imekuwa mihadarati na skizofrenia. Usivunjike moyo. Anajua huzuni, anajua wasiwasi, anajua uraibu, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyotembea pamoja na kula kwa fujo. Kama ana CBT mkononi, mnaweza kuanza. Wakati mwingine daktari ataongeza dawa ya kutibu huzuni. Ukikutana na mwingine anayekwambia "punguza kula, fanya mazoezi" halafu anaita mgonjwa anayefuata, jua huyo hajakusikia, na uulize mtu mwingine. Ushauri wa kupunguza kula kwa mtu ambaye fujo yake inaanzia kwenye njaa unamrudisha pale pale.

Ikiwa mawazo yamefika pabaya, unafikiria kujidhuru au kutokuwepo, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure. Mwenye umri chini ya miaka 18 ana 116.

Kwa walio nyumbani

Aibu ndiyo inafanya mambo haya yaende miaka. Mchague mtu mmoja, si kundi la WhatsApp la familia. Wengi huona rahisi kuanza na dada, au khaleti yule asiyehukumu. "Khaleti, nina jambo, naomba usicheke wala usimwambie mama bado. Nakula nikijificha na nimeshindwa kuacha. Nataka unisindikize hospitali Jumanne." Umempa siri, umempa kazi, na umempa siku.

Na wewe khaleti ukiambiwa hivyo, usikimbilie kufunga kabati la chakula. Usimhesabie chapati mbele ya watu. Usimwambie amenenepa, na hata akikonda usimsifu, maana hujui alikondaje. Kaa naye ale. Mtu anayekula kwa fujo mara chache hufanya hivyo akiwa na mwenzake mezani, kwa hivyo sahani mbili na stori za kawaida ni msaada mkubwa kuliko hotuba.

Ramadhani inahitaji neno lake. Kwa jirani zako ni mwezi wa raha na kaimati. Kwa mwenye shida hii ni siku thelathini za njaa ndefu ikifuatwa na meza iliyojaa, yaani duara lile lile, na watu wote wamealikwa. Dini yenyewe imempa mgonjwa nafasi, lakini kuna anayeona ni aibu kuitumia kwa "ugonjwa wa kula". Zungumza na daktari mapema, Shaabani hivi, halafu na ustadhi unayemwamini. Ukiamua kufunga, daku usiiache hata kama usingizi mtamu, futuru na tende na maji kisha kaswali ndipo urudi kwenye sahani, na ule pamoja na watu badala ya kubeba chako chumbani.

Inachukua muda. Wiki za kwanza utakula mchana na usiku bado utafanya fujo, uone kama umeongeza shida juu ya shida. Hapo ndipo wengi huacha. Endelea na saa zako angalau mwezi kabla ya kusema haifanyi kazi, na siku ya kurudi kliniki nenda na yale madokezo ya kwenye simu. Daktari atasoma wiki nne zako kwa dakika mbili, na hutalazimika kuanza stori upya mbele ya foleni.